Mukono ya Elia ku Barza

Mutoto wangu Esta akipiga telefone toka Lubumbashi, salamu yake ni moja tu: "Mama, umekula?" Na mimi najibu upesi, "Nimekula, mama yangu, tena nimeshiba." Kisha tunaongea ya watoto, ya mvua, ya barabara. Siku mingi, wakati ninajibu vile, jiko yangu iko baridi toka asubui, na paka ya jirani amekaa mulangoni ananiangalia ni kama anajua.

Nyinyi vijana munaopanda milima na ile kamba ya rangi mufukoni, munapima mikono ya watoto, maneno hii ni yenu. Nilitumika kazi hiyo mu Masisi na mu Walikale mpaka magoti yangu ikakataa. Watu waliniita Mama Uji, juu nilikuwa nafika kila kijiji na sufuria kichwani. Jina langu ni Judita, lakini ukiuliza Judita huko juu hakuna atakayekuonyesha njia. Uliza Mama Uji.

Sasa niko ku Sake, vyumba mbili, pekee yangu. Bwana yangu alikufa. Watoto walitawanyika, kila moja na njia yake. Majirani tuliokuwa tunaombana chumvi walikimbia vita, na wengi hawajarudi. Ukipita nyuma ya nyumba zao unaona mafiga matatu, na majani imeota katikati. Nikisonga bugali ya muntu moja, haishikane. Inabaki nusu uji, nusu mabonge. Cheka tu, nyinyi. Miaka yote nimefundisha wamama kupika, leo bugali inanishinda! Lakini mukono yangu ilizoea sufuria ya watu wengi. Hii ndogo sijui namna ya kuishika.

Basi niwaambie namna tulianza.

Ku kazi walitupatia picha kubwa ya kufundishia. Mutoto munono, mashavu ni kama ya askofu, amekaa mbele ya meza, na juu ya meza kuna samaki, yai, karoti, chungwa na glasi ya maziwa. Mimi nikaibeba ile picha mpaka kijiji moja ndani kabisa ya pori ya Walikale, nikaifunga ku mugomba, nikaanza kuelezea. Hii inajenga mwili, hii inalinda mwili. Nilikuwa naongea vizuri, nilijisikia mwenyewe. Wamama walikuwa kimya kabisa. Nikasema moyoni, leo wamenielewa.

Nilipomaliza, mama moja muzee akanyoosha kidole. "Huyu mutoto ni wa nani?"

"Si wa muntu, mama. Ni mufano tu."

"Wazazi wake walikufa?"

"Hapana, mama. Mbona unauliza vile?"

"Sasa mbona wamemuacha anakula pekee yake?"

Wote wakaanza kumuhurumia yule mutoto ya picha. Eti maskini, angalia na chakula yote ile, hakuna hata muntu ya kumuambia kula. Moja akauliza kama anaweza kuletwa pale kijijini, watamulea. Karoti na samaki, hakuna aliyeuliza.

Mama Anasta, mukubwa wangu kwa kazi, aliyekuwa na mimi siku ile, alicheka njia yote ya kurudi. Alikuwa mwanamuke ya milima ya Masisi, na sauti ya kuita ng'ombe toka kilima ingine, na mabote ya plastiki ambayo hakuvua hata kanisani. Alisimama katikati ya matope, akashika mbavu, akacheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Kisha akapanguza macho na akaniambia maneno ambayo sijasahau: "Judita, wewe unauliza watu wanakula nini. Anza na kuuliza wanakula na nani. Nani anaanza, nani anamaliza, nani anaangaliwa na wengine. Karoti itakuja nyuma."

Sikumuelewa siku ile. Nilikuwa na hasira juu ya kunicheka.

Nilianza kumuelewa juu ya kilima moja karibu na Rubaya, kwa papa moja aliyekuwa anabeba mizigo ya mawe toka ku machimbo. Muke yake alikuja kwetu akilia. Kila siku anapika mboga ya lengalenga, kila siku watoto wanaikataa, na mudogo ameanza kukauka. Tukaenda, tukakaa, chakula ikaletwa. Watoto walikuwa wamejipanga ku mukeka, toka mukubwa mpaka yule asiyejua hata kuongea. Mama akaweka bakuli ya lengalenga. Papa, bila kusema neno, akaisukuma pembeni na mugongo ya mukono. Na mimi nikaona mikono yote ya ule mukeka, moja nyuma ya ingine, inasukuma bakuli na mugongo ya mukono. Mpaka ya yule asiyeongea!

"Hawa wamefundishwa na nani?" Mama Anasta akauliza.

"Hakuna aliyewafundisha," papa akajibu. "Wako na vichwa vigumu tu."

"Ee, nimeona. Papa, mimi siwezi kukuambia ule majani."

"Vizuri, juu mimi siko mbuzi."

"Nakuomba kitu moja tu. Usiisukume. Ikae mbele yako, ipoe, hata nzi ikule. Lakini mukono yako isiiguse."

Yule papa alimuangalia ni kama anaangalia muntu mwenye homa. Lakini alikubali, labda juu ya kumaliza maneno. Tuliporudi kuwaona, mutoto mudogo alikuwa na lengalenga mpaka masikioni. Papa alituambia tena kwamba yeye haiko mbuzi. Bakuli yake ilikuwa tupu, na mimi sikuuliza kitu.

Munaona sasa? Mutoto hasikilize mudomo yetu, anafuata mikono yetu. Ku Shasha, kando ya ziwa, watoto wanatafuna sambaza, zile samaki ndogo, na kichwa na macho, juu ndivyo mama zao wanatafuna. Nilibeba sambaza zile mpaka milimani, mama moja mbele ya watoto wake akafunga macho wakati ya kuonja, akatoa ulimi. Basi, imekwisha. Ile kijiji sambaza haikuingia tena, labda mpaka leo.

Kwa hiyo mukifika kwa watu, mukae kwanza. Musifungue sufuria ya mwanamuke mbele ya mama-mukwe wake. Mukipewa chakula, mukule, hata kama mumeshiba, hata kama ni pilipili tupu. Na wakati mama anapakua, angalieni ni mutoto gani anatumwa maji. Yule njo atarudi na kukuta sahani nyeupe, tupu kabisa. Atatumwa leo, atatumwa kesho, na hakuna aliyepanga kumuonea. Ni mazoea tu. Angalieni pia nani anakwangua sufuria. Mimi nilikuwa nakwangua kwetu, njo maana niko na mifupa hii mitupu.

Sasa nifike kwa Elia. Hii ya Elia nimeibeba muda mrefu, na siku hizi inanirudilia kila wakati niko mbele ya sahani.

Elia alikuwa mutoto ya upande wa Walikale, ndani ya pori. Dada zake walizaliwa mbele, wa kwanza Sifa, kwa hiyo wazazi waliitwa Papa Sifa na Mama Sifa. Kisha njo akafika yeye, kijana wa kwanza. Papa Sifa alikuwa muwindaji, muntu ya maneno kidogo, lakini akiongea juu ya Elia maneno haikukauka. "Kijana yangu" hapa, "kijana yangu" pale.

Mama Sifa alimuleta ku kituo chetu cha kutibu watoto akiwa na bwaki. Nyinyi munaijua, ugonjwa ya kukosa chakula ya kutosha, miguu inavimba, nywele inakuwa nyekundu na laini, mutoto hachezi, hacheki, anaangalia tu. Tulimutibu. Maziwa ya dawa kwanza, kisha uji, kisha lituma, ndizi ya kupondwa, na samaki iliyotwangwa. Akapona, akaanza kutukimbiza nyuma ya jikoni. Akarudi kwao. Hazikupita siku mingi, akarudi kwetu amevimba tena. Tukamuponya, akaenda, akarudi mara ya tatu, na mara ile alikuwa mubaya sana. Muganga wetu alimugusa, kisha akanitazama na akatikisa kichwa.

Na haikuwa nyumba ya njaa! Hiyo njo ilinichanganya. Sifa na wadogo wake walikuwa na mashavu. Papa alileta nyama ya pori, mama alikuwa na shamba ya muhogo na ndizi, mafuta ya mawese haikukosa. Watoto wote wanapona, huyu moja anakauka.

Mama Sifa aliniambia akiwa anamuosha Elia, sauti chini, macho kwa maji. "Mama Uji, mama-mukwe wangu amesema hii ni mara ya mwisho. Anasema mimi nililala na bwana yangu wakati mutoto alikuwa bado ananyonya, njo nikaharibu maziwa, njo ugonjwa iliingia. Mutoto akirudi tena na bwaki, nitarudishwa kwetu, na watoto watabaki. Na akikufa…" Aliendelea kumwagia mutoto maji, hata kama sabuni ilikuwa imekwisha kutoka.

"Unamupakulia vizuri?" nikamuuliza. Lo, swali gani ile!

"Mama, napakua sahani inajaa. Inarudi nyeupe. Nikimuuliza, 'Elia, umekula?', ananijibu, 'Nimekula, Mama.'"

Kuna kitu moja niliona wakati ule ku kituo. Tulikuwa tunaweka sahani mbele ya Elia, na yeye anakaa tu, mikono juu ya magoti, anaiangalia. Infirmie, muuguzi wetu, alisema hana hamu ya kula. Lakini mama yake akitia mukono yake ndani, akikata tonge ya kwanza, Elia naye ananyoosha mukono na anakula mpaka anamaliza. Nikakumbuka Mama Anasta juu ya jiwe yake. Nikamuuliza Mama Sifa, "Ku nyumba, huyu mutoto anakula na nani?"

"Na baba yake," akasema, na hata ndani ya ile mateso uso wake ikafunguka kidogo. "Baba yake alimuita ku barza."

Wasiojua, niwaelezee. Barza ni kibanda ya wanaume, haina kuta, iko katikati ya kijiji. Mangaribi kila mwanamuke anatuma sahani yake kule, na wanaume wote wanakula pamoja, sahani ya huyu na ya yule. Wanawake na watoto wadogo wanakula jikoni. Kijana akikomaa kidogo, baba yake anamuita, na ile siku ni furaha kubwa, mama anaimba. Ku barza njo kijana anajifunza kuwa muntu. Anajifunza kusikiliza, kunyamaza, kungoja mukubwa atie mukono kwanza. Na nyama hagusi mpaka mukubwa amukatie.

Elia alikuwa bado hajang'oa hata jino ya kwanza ya utoto. Lakini alikuwa kijana wa kwanza, na mutoto mupya alikuwa amezaliwa, amechukua nafasi yake jikoni, na baba yake alichoka kungoja.

Elia alipopata nguvu mara ya tatu, niliomba ruhusa nimusindikize. Tulitembea, tukavuka mito, mimi na Elia, na mama na mutoto mupya mugongoni. Kufika pale, mama-mukwe alinipa kiti na hakunipa salamu. Nikashukuru kiti. Mangaribi nilikaa mulangoni ya jikoni, nashikilia kisu na ndizi ya kumenya, juu mwanamuke haendi ku barza, lakini macho hayakatazwi. Mama-mukwe alikuwa nyuma yangu, anapuliza moto.

Wanaume walikaa kuzunguka sahani. Kaka mukubwa ya Papa Sifa alitia mukono wa kwanza, kisha wengine. Mikono mikubwa, mikono ya wawindaji, inaingia na kutoka upesi, na maneno inaendelea juu ya mutego na juu ya nguruwe ya pori. Elia alikuwa kati ya baba yake na baba yake mukubwa. Alingoja, vizuri kabisa, mutoto mwenye adabu. Kisha mukono yake ikaenda. Ilifika ku mupaka ya sahani, mukono mukubwa ikapita mbele, yake ikarudi. Ikaenda tena, ikarudi. Na kila mara ikirudi tupu, mutoto alitia vidole kinywani, akavilamba, akatafuna. Alikuwa anatafuna hewa, wanangu. Baba yake akageuka, akamuona anatafuna, akacheka na furaha, akamupiga mugongoni kidogo. Kisha akarudi ku maneno ya nguruwe.

Kisu ilinianguka. Roho iliniuma namna siwezi kuelezea. Hakuna muntu mubaya pale. Mama alijaza sahani, baba alimupenda mutoto kupita macho yake, na mutoto alitii. Alitii mpaka alikuwa anakufa.

Mama Anasta angekuwa pale angeita na ile sauti yake mpaka pori yote isikie. Mimi sikuweza. Ningesema mbele ya wanaume, ningemupa baba haya mbele ya kaka yake, na mutoto angebebeshwa hiyo haya. Nikangoja asubui, nikamukuta Papa Sifa anasuka kamba ya mutego nyuma ya nyumba.

"Papa Sifa, leo ku barza unifanyie kitu. Usiongee. Angalia tu mukono ya Elia."

"Mukono yake iko na nini?"

"Mimi siko mwanaume, siwezi kukaa pale. Wewe njo utaniambia."

Mangaribi nikakaa tena mulangoni. Niliona Papa Sifa anaangalia. Mukono ndogo ikaenda, ikarudi, vidole kinywani. Ikaenda, ikarudi. Papa Sifa aliacha kula. Tonge ilikuwa mukononi mwake, haikupanda na haikushuka. Kisha akamuinamia mutoto, akamuuliza pole pole, lakini mimi nilisikia: "Elia, umekula?"

"Nimekula, Papa."

Yule mwanaume alisimama, akatoka nje ya barza, akakata jani ya mugomba. Akarudi, akaitandika mbele ya mutoto, akapakua toka ku sahani ya watu wote, muhogo, mboga na nyama.

Mikono yote ikasimama juu ya sahani. Na lazima mujue, kule kula pembeni ku jani yako ni alama ya muntu aliyegombana na wenzake, ao ya mugonjwa ambaye watu wanaogopa kuambukizwa. Kumutenga mutoto vile mbele ya wazee ilikuwa kumutoa ndani ya ukoo. Elia mwenyewe alijua. Aliangalia ile jani, akaficha mikono yake nyuma.

Kaka mukubwa akauliza, "Papa Sifa, tumekukosea nini?"

Papa Sifa alikaa chini, akavuta jani mpaka ikawa kati yake na mutoto, na akatia mukono yake mule. Akakata tonge, akamutilia Elia mukononi. Akakata ingine, akala yeye. Kisha njo akasema, "Hamukunikosea. Mimi na kijana yangu tuko wagonjwa. Tutakula pamoja mpaka tupone."

Hapo mbele ya ndugu zake wote, muwindaji yule! Nyuma yangu mama-mukwe aliacha kupuliza moto. Nilimusikia anasema polepole, "Mwanangu," na sijui kama alikuwa anamuita mutoto wake ao mujukuu.

Kaka mukubwa aliangalia ile jani. Kisha akachukua kipande cha nyama, ile yake mwenyewe, ya heshima, akanyoosha mukono na kuiweka juu ya jani. "Wagonjwa wanapewa nyama," akasema. Moja akacheka, wote wakacheka, na maneno ya nguruwe ikarudi. Elia alikula. Alikula na mikono mbili, bila adabu hata kidogo, na hakuna aliyemukataza.

Hakurudi tena ku kituo. Mama Sifa alibaki kwake. Nilipopita pale mara ya mwisho, mutoto alikuwa anapanda miti, na ku barza walikuwa wanatandika jani kwa kila kijana mupya mpaka mukono yake ijue njia. Hakuna aliyewaamuru. Kisha barabara ikafungwa, vita ikapita kule, kijiji ikahama. Sijui Elia iko wapi. Akiwa hai ni mwanaume sasa, labda na kijana yake. Kila mara ninakutana na watu wa Walikale hapa sokoni ninawauliza. Hawamujui.

Mama Anasta naye amekwisha kufa. Hakuna muntu amebaki wa kuniambia, Judita, unakumbuka ile siku? Hiyo njo inaniuma kupita magoti.

Juzi Esta alipiga, ile ya kuonana nyuso. Mutoto wake mudogo, Neema, alikuwa ameshika telefone. "Koko, unakula nini?" akaniuliza. Nilikuwa na sahani kando yangu, haina kitu toka jana. Nikachukua kijiko, nikaitia kinywani, nikatafuna. "Ninakula bugali na sambaza, mama yangu. Tamu sana!"

Neema akasogeza pua yake mpaka ikajaa telefone yote. "Koko, kijiko yako haina kitu."

Nilicheka. Nilitaka kuendelea na maneno ya mvua. Lakini nyuma ya mutoto nilimuona Esta amesimama, mwiko mukononi, ananiangalia. Hakunigombeza. Alichukua telefone, akauliza, "Mama, makaa iko?"

"Iko kidogo."

"Pika. Tunakungojea."

"Esta, hii rezo ya telefone itakula pesa yako bure."

"Ikule. Pika, Mama."

Aliegemeza telefone ku kikombe, juu ya mukeka yao. Nilikuwa naona sahani yao, mvuke inapanda. Neema akanyoosha mukono, na mama yake akamuambia, "Usianze. Koko hajafika." Yule mutoto akaweka mikono juu ya magoti, akangoja. Mimi nikapuliza moto, nikasonga. Bugali ikatoka na mabonge yake. Nikapasha sambaza zilizobaki, nikaketi mbele ya telefone, nikanawa. Nao wakanawa.

"Koko, kamata," Neema akasema, akaleta tonge yake mpaka ku kioo.

Nikanyoosha mukono yangu. Hapo rezo ikakatika.

Kioo ikawa nyeusi, na ndani yake nikaona uso yangu tu, na mukono yangu imesimama katikati ya njia. Nikamukumbuka Elia. Nililia, sitawaficha. Lakini nilikula, wanangu. Tonge moja, na ingine, na ingine, mpaka sahani ikamalizika, kwa sababu kule Lubumbashi kulikuwa na mutoto aliyeningoja na njaa yake.

Nyinyi munapita hapa Sake kila siku na pikipiki zenu, munaenda Masisi, munarudi. Nyumba yangu ni ile ya mulango ya kijani nyuma ya soko, na maji ya kunawa iko ndani ya bidon ya plastiki kando ya mulango. Mukipita, musiniulize kama nimekula, munajua nitajibu nini. Munawe mikono, mukae.